Kupausha, kulinganisha picha au kufuata molekuli mojamoja: ipi ikupimie mwendo wa protini kwenye utando wa seli hai?

Una seli hai chini ya hadubini. Protini yako imeunganishwa na rangi ya kijani, utando unang'aa kama pete, na anayesimamia kazi yako amekuuliza swali lililo rahisi kulitamka: "Inatembea kwa kasi gani?" Hapo ndipo wengi hukwama. Mmoja anakwambia ipaushe kwa leza uone mwanga unavyorudi. Mwingine anasema hiyo ni mbinu ya kizamani, fuata molekuli mojamoja. Wa tatu anashikilia kwamba picha ulizonazo tayari zinatosha, ilimradi uzifanyie hesabu ya uwiano. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja analijibu swali lake, na maswali hayo matatu hayafanani.

Kwamba protini za utando hutembea tunalijua tangu zamani. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli za panya na za binadamu, wakazitia protini za kila upande rangi yake, kisha wakatazama. Katika nyuzi 37 za Selsiasi, ndani ya dakika 40 hivi rangi mbili zilikuwa zimechanganyika juu ya seli moja. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaupa utando sura iliyozoeleka hadi leo, ya tabaka jembamba la mafuta ambamo protini huelea. Kilichobaki ni kupima: zinakwenda kwa kasi gani, zinafika wapi, na kitu gani kinazizuia njiani. Mbinu tatu za makala haya zote hupima hayo kwa picha za hadubini, na zote huishia kukupa namba inayoitwa D, yaani kipimo cha usambaaji. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba D ni moja tu, kama uzito wa molekuli, na kwamba mbinu bora ndiyo itakayoipata kwa usahihi zaidi.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni umbali na muda. Juu ya utando tambarare, wastani wa mraba wa umbali ambao molekuli imesogea ni 4 mara D mara muda. Chukua protini yenye D ya mikromita za mraba 0.1 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa protini nyingi za utando wa seli hai. Katika milisekunde 30 itakuwa imesogea kama nanomita 110. Katika sekunde moja, nanomita 630. Katika dakika nzima, mikromita 5 hivi, yaani sehemu kubwa ya upana wa seli. Mbinu inayotazama milisekunde na mbinu inayotazama dakika haziioni safari ileile. Tutaitumia protini hii ya mfano hadi mwisho.

Kigezo cha pili ni namba inayotoka: je, ni wastani wa maelfu ya molekuli, au ni orodha ya molekuli moja baada ya nyingine? Cha tatu ni gharama ya maandalizi: rangi gani, wingi gani wa protini, hadubini gani, na siku ngapi za kujifunza uchambuzi. Cha nne ni namna mbinu inavyoweza kukudanganya huku kila kitu kikionekana safi.

Kuna masharti ambayo hayabadiliki kwa mbinu yoyote, na nitayapitia haraka. Pima katika joto lilelile kila siku, kwa sababu mafuta ya utando hulegea na kukaza kwa joto. Usiipandishe protini kupita kiasi chake cha kawaida kwenye seli, maana utando uliojaa hutembeza pole. Tena hakikisha lebo, yaani kibandiko chenye rangi ulichoiunganishia protini, haijaharibu kazi yake. Protini iliyopoteza kazi inaweza kutembea vizuri sana na isikufundishe lolote.

Mbinu ya kwanza: kupausha na kungoja mwanga urudi (FRAP)

*Inavyofanya kazi.* Unachagua duara dogo kwenye utando, unalipiga leza kali kwa muda mfupi, na rangi iliyomo ndani inapauka isirudi tena. Kisha unapunguza leza na kupiga picha mfululizo. Mwanga ukirejea ndani ya duara, umeletwa na molekuli za nje zilizoingia huku zile zilizopauka zikitoka. Axelrod na wenzake waliiwekea mbinu hii misingi ya hesabu mwaka 1976, na misingi hiyo bado inatumika.

*Inachokupa.* Namba mbili. Ya kwanza ni D: kwa duara lililopauka kwa usawa, zidisha 0.224 kwa mraba wa nusukipenyo, kisha gawanya kwa muda uliochukua kufika nusu ya urejeo. Protini yetu ya mfano, kwenye duara la nusukipenyo cha mikromita 1, itafika nusu baada ya sekunde 2.24. Namba ya pili ni sehemu ya protini inayotembea, ukiilinganisha na iliyoganda mahali. Namba hii ya pili ndiyo FRAP inayoitoa kwa wepesi kuliko mbinu nyingine, na mara nyingi ndiyo yenye habari. Dawa inayoifunga protini kwenye mifupa ya seli (nyuzi za ndani zinazoishikilia seli) inaweza kuiacha D ilivyo, lakini ikapunguza idadi ya zinazotembea kwa nusu.

*Inachokudai.* Kidogo. Protini ya kijani ya kawaida inatosha, na hadubini ya konfokali (inayosoma sampuli nukta kwa nukta kwa leza) yenye uwezo wa kulenga leza mahali fulani hupatikana katika maabara nyingi. Mchana mmoja unaweza kupata seli ishirini. Uchambuzi wa awali unafanyika kwa programu ya bure kama Fiji pamoja na jedwali la hesabu.

*Inapodanganya.* Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa urahisi wa FRAP ndio unaowafanya watu wasiihoji.

Mwanga unaweza kurudi bila protini hata moja kusambaa kwenye utando. Vifuko vinavyotoka ndani ya seli huleta protini mpya yenye rangi. Protini inayoshikwa upande wa ndani wa utando inaweza kuachia, na nyingine ikatoka majimajini kushika nafasi yake. Kipimo cha kutofautisha ni rahisi, na nashangaa kwa nini hakifanywi kila mara: badilisha ukubwa wa duara. Ukiongeza nusukipenyo kutoka mikromita 1 hadi 2, usambaaji wa kweli lazima uchukue muda mara nne zaidi, kwa hiyo sekunde 2.24 za protini yetu ziwe karibu 9. Ikiwa muda haubadiliki, ulichopima ni kushika na kuachia, wala si kutembea.

Kundi lililoganda nalo linahitaji ushahidi. Grafu ikitulia kwenye asilimia 70, huenda asilimia 30 kweli haisogei. Huenda pia leza yako ilipausha sehemu kubwa ya rangi yote ya seli. Ukipausha asilimia 10 ya jumla, basi hata protini zote zikiwa huru urejeo hautavuka asilimia 90. Au hukungoja vya kutosha. Paushia palepale mara ya pili. Kama kundi lililoganda ni la kweli, molekuli zake zilikwishapauka mara ya kwanza, kwa hiyo safari hii urejeo utafika karibu kabisa na kiwango kilichokuwepo kabla ya pigo la pili.

Mwisho, pigo la leza liwe fupi. Ukipausha kwa sekunde moja protini inayofika nusu katika sekunde mbili, mchezo umekwisha nusu kabla hujaanza kuhesabu.

*Inamfaa nani.* Anayelinganisha hali mbili: protini nzima na yenye badiliko la jeni, kabla ya dawa na baada yake. Inamfaa pia anayejali safari ndefu ya mikromita kadhaa, mfano protini inayotakiwa kuvuka kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Haimfai anayetaka kujua kama ndani ya wastani wake kuna makundi mawili yenye mwendo tofauti. Grafu ya FRAP inaweza kulazimishwa kuonyesha makundi mawili, lakini mara nyingi inakubali pia maelezo mengine matatu.

Mbinu ya pili: kulinganisha picha kwa hesabu ya uwiano

*Inavyofanya kazi.* Tazama nukta moja ya utando kwa makini utaona mwanga wake hautulii. Molekuli zinaingia, molekuli zinatoka, na mwanga unapanda na kushuka. Zikipita haraka, mtikisiko ni wa haraka. Zikijikokota, mtikisiko hukawia. Magde, Elson na Webb waliligeuza wazo hili kuwa kipimo mwaka 1972, wakitumia mwale mmoja uliosimama mahali pamoja. Kuanzia miaka ya 1990 wengine wakalihamishia kwenye picha nzima, na leo ni ukoo mkubwa wenye matawi.

Tawi linaloitwa RICS, lililochapishwa mwaka 2005 na kundi la Gratton, linatumia ukweli ambao wengi wetu tunaupita tu. Picha ya konfokali haipigwi kwa mara moja. Leza hutambaa pikseli kwa pikseli kwa mikrosekunde, mstari kwa mstari kwa milisekunde, na picha kwa picha kwa sekunde. Saa imejificha ndani ya picha. Matawi mengine hutumia video ya kamera: unailinganisha kila picha na zilizofuata, na kutazama jinsi alama ya ufanano inavyotanuka kadiri muda unavyopita. Mraba wa upana wake ukiongezeka kwa mstari ulionyooka, protini inasambaa kwa uhuru. Mstari ukiinama na kutulia, protini imezingirwa. Di Rienzo na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kwa njia hii unapata mchoro wa umbali na muda bila kuifuata hata molekuli moja.

*Inachokupa.* D ya wastani kwa kila eneo dogo la utando, wingi wa protini katika eneo hilo, na kama kuna mkondo wa pamoja, kasi na mwelekeo wake. Faida yake kubwa machoni pangu ni ramani: unaweza kuigawa seli katika miraba na kuona kwamba ukingoni protini inatembea tofauti na katikati.

*Inachokudai.* Rangi ya kawaida na leza laini, kwa hiyo seli haiumizwi. Mashine unayo huenda tayari. Kinachodaiwa ni nidhamu katika kupiga picha. Pikseli iwe ndogo mara kadhaa kuliko doa la mwanga (eneo dogo ambalo leza humulika kwa mara moja), nanomita 50 hivi kwa hadubini ya kawaida. Ukubwa wa doa lenyewe upimwe kwa rangi ambayo D yake inajulikana, kwa sababu kosa dogo la upana huingia kwenye D kwa mraba. Kasi nayo iendane na protini. Doa la nusukipenyo cha nanomita 250 litavukwa na protini yetu ya mfano kwa sekunde 0.16 hivi, kwa hiyo picha 20 kwa sekunde ni sawa, lakini picha moja kila sekunde tano haifai kitu, kwani kumbukumbu ya mtikisiko imekwishapotea. Protini yenye D ya 0.001 itachukua sekunde 16 kulivuka doa hilohilo, na hapo picha moja kwa sekunde inatosha kabisa.

Wingi wa protini una mpaka wake. Zikiwa molekuli 100 ndani ya doa, mtikisiko ni kama asilimia 10 ya mwanga. Zikiwa 10,000, ni asilimia 1, na kelele ya kamera inaweza kuumeza wote. Seli ing'aayo sana, ambayo ndiyo mtu angeichagua kwa FRAP, hapa huwa mbaya. Chagua zile zilizofifia.

*Inapodanganya.* Hesabu haijui tofauti kati ya protini inayosogea na seli inayosogea. Ukingo ukijikunja, au hadubini ikihama kidogo, utapata mtikisiko wa polepole unaofanana kabisa na protini nzito. Dawa yake ni kupunguza kutoka kila picha wastani wa picha za jirani ili kufuta visivyosogea na vinavyosogea pole, lakini dawa hiyo hula pia protini za polepole. Badilisha idadi ya picha unazopigia wastani uone kama D inahama nayo. Ikihama, namba yako imetengenezwa na usafishaji.

Kupauka na kumetameta kwa rangi nako huonekana kama mwendo, kwani molekuli iliyozimika haitofautiani na iliyoondoka. Tawi la kICS, lililotolewa na Kolin, Ronis na Wiseman mwaka 2006, lilibuniwa kwa ajili ya shida hii hasa. Linazihamishia picha kwenye ulimwengu wa mawimbi, ambako mwendo na tabia za rangi huachana. Kama rangi yako humetameta, anzia hapo.

*Inamfaa nani.* Mwenye protini nyingi mno kufuatwa mojamoja, mwenye seli nyingi, na mwenye ujasiri wa kuandika au angalau kusoma msimbo. Kwa asiyependa hesabu mbinu hii ina hatari ya pekee: programu daima itatoa namba, hata ukiilisha picha za ukuta.

Mbinu ya tatu: kufuata molekuli mojamoja

*Inavyofanya kazi.* Unazitia rangi protini chache tu, kiasi kwamba kila moja inaonekana kama nukta ya peke yake. Mara nyingi hutumika hadubini ya TIRF, ambayo mwanga wake humulika tabaka la nanomita 100 hadi 200 tu juu ya kioo, hivyo utando wa chini unang'aa na ndani ya seli kunabaki giza. Nukta yenyewe ni pana nanomita 200 na zaidi, lakini kitovu chake hukadiriwa kwa nanomita 20 au 30, na fotoni zikiwa nyingi hata chini ya hapo. Programu kama TrackMate ndani ya Fiji huziunganisha nukta za picha zinazofuatana ziwe njia. Barak na Webb walifuata vipokezi vya LDL (chembe zinazobeba kolesteroli) kwa namna hii tangu mwaka 1982.

*Inachokupa.* Njia halisi ya kila molekuli: hii inatembea, ile imesimama, hii ilikuwa ikitembea kisha ikashikwa kwa nusu sekunde na kuachiwa. Hakuna wastani unaoweza kukuonyesha hayo.

Mfano unaonifanya niithamini mbinu hii ni kazi ya Fujiwara, Kusumi na wenzao ya mwaka 2002. Waliifuata molekuli ya mafuta ya utando kwenye seli za figo ya panya kwa kuibandika chembe ya dhahabu ya nanomita 40 na kupiga picha 40,000 kwa sekunde. Kwa kamera ya kawaida ya video, molekuli hiyo ilionekana ikisambaa pole tu, bila ajabu yoyote. Kwa kamera ya kasi, waliona imefungiwa ndani ya viwanja vya nanomita 230 hivi, inakaa kila kiwanja kwa wastani wa milisekunde 11, kisha inaruka uzio na kuingia kiwanja cha jirani. Ndani ya kiwanja ilikimbia kwa kasi ya utando safi wa maabara usio na seli. Upole uliokuwa ukipimwa kwa miaka ulikuwa wa uzio, yaani mifupa ya seli na protini zilizoshikamana nayo.

Sasa jiulize D ya molekuli hiyo ni ipi. Ndani ya kiwanja ni kubwa. Kwa kuruka viwanja ni ndogo. Na zote mbili ni za kweli. Ndiyo sababu FRAP ikikupa namba ndogo kuliko ufuatiliaji wa kasi, usikimbilie kuirekebisha mashine. Huenda unazo namba mbili sahihi za safari mbili.

*Inachokudai.* Mengi. Protini ya kijani hutoa fotoni chache kisha huzimika, kwa hiyo njia huwa fupi. Rangi za kikemikali zinazobandikwa kwenye lebo kama HaloTag huishi zaidi. Nukta za kwantamu, yaani fuwele zinazong'aa, hudumu kuliko zote: mwaka 2003 kundi la Dahan lilizitumia kufuata vipokezi vya glisini kwa dakika kadhaa vikiingia na kutoka kwenye makutano ya neva. Lakini ni kubwa, na mahali pembamba huenda zisipite. Ukitumia kingamwili nzima kubandika rangi, kumbuka ina mikono miwili na inaweza kufunga protini mbili pamoja, ukabaki unapima pingu ulizozifunga mwenyewe. Tumia kipande chenye mkono mmoja.

Nukta zisisongamane. Protini yetu husogea nanomita 110 kati ya picha za kila milisekunde 30, kwa hiyo jirani awe mbali, mikromita moja na zaidi, ama programu itaunganisha nukta za molekuli mbili tofauti. Protini zikiwa nyingi, lebo zinazowashwa chache kwa zamu husaidia. Manley na wenzake walizitumia mwaka 2008 kupata maelfu ya njia kwenye seli moja.

*Inapodanganya.* Nukta iliyosimama kabisa huonekana ikicheza, kwa sababu kila ukadiriaji wa kitovu una kosa. Kosa la nanomita 30 kila upande wa mhimili huongeza mikromita za mraba 0.0036 kwenye mchoro wa umbali na muda. Kiasi hicho ni sawa na mwendo wa protini yetu katika milisekunde 9, au wa protini yenye D ya 0.01 katika milisekunde 90. Niliwahi kufurahia kwa wiki nzima "kundi la polepole" lililojitokeza vizuri kwenye grafu zangu. Siku nilipopima rangi iliyonata kwenye kioo kitupu, kundi lilelile lilikuwepo, mahali palepale. Tangu hapo kioo kitupu ndicho kipimo changu cha kwanza kila asubuhi. Usitegemee seli zilizogandishwa kwa fomaldehaidi pekee, kwani baadhi ya molekuli za utando huendelea kusogea hata humo.

Mtego mwingine ni njia fupi. D iliyokadiriwa kwa hatua kumi huyumba sana. Ukichora histogramu ya njia fupi elfu moja za protini yenye D moja kamili, utapata mlima mpana ambao jicho litaugawa mara mbili bila kuombwa. Kabla hujaandika kwamba umepata makundi mawili, tengeneza kwa kompyuta njia za kundi moja zenye urefu uleule na kosa lilelile, zipitishe kwenye uchambuzi huohuo, halafu linganisha. Kumbuka pia kwamba wa polepole ni rahisi kumfuata. Wa haraka hupotea kati ya picha, na takwimu zako huwaegemea waliobaki.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la utofauti: je, kipokezi kikishika kichocheo chake husimama? Kwa muda gani? Wangapi? Inamfaa mwenye TIRF, kamera nyepesi kuhisi mwanga na miezi ya kufanya kazi, si wiki. Kwa uso wa juu wa seli, au seli isiyolala bapa kwenye kioo, TIRF haifiki, na kazi inakuwa ngumu maradufu.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama una protini ya kijani, konfokali, na swali la ndiyo au hapana kuhusu badiliko fulani, anza na FRAP. Tumia maduara ya ukubwa wa aina mbili na upaushe mara ya pili palepale. Ukitoka na jibu lililopita majaribio hayo mawili, kwa swali la namna hiyo huhitaji kitu cha fahari zaidi.

Kama swali ni "wapi kwenye seli mwendo unabadilika", au una hali kumi za kulinganisha na seli mia, nenda kwenye uwiano wa picha. Ni chaguo zuri pia kama seli zako huumia haraka kwa mwanga.

Kama FRAP imekuonyesha kundi lililoganda na unataka kujua limegandaje, ukibaki na FRAP hutafika popote. Fuata molekuli mojamoja, na upige picha kwa kasi angalau mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, ili uone kama D inapungua kadiri muda unavyorefuka. Ikipungua, kuna kizuizi. Isipopungua, kundi lile huenda lilikuwa kosa la urejeo.

Kama unafanyia kazi mimea, ukuta wa seli huzibana protini nyingi za utando kiasi cha kuzifanya ziende pole mno, na utando haukai jirani na kioo. Hapo FRAP ya dakika nyingi huvumilia mazingira kuliko wenzake, ilimradi udhibiti kuhama kwa sampuli.

Kama video zimekwishapigwa na seli hazipo tena, FRAP haiwezekani kwa kurudi nyuma. Angalia kama nukta zinatengana; zikitengana, zifuate. Zisipotengana, angalia muda kati ya picha na picha, uulinganishe na muda wa protini kuvuka doa kama tulivyohesabu juu, ndipo uamue kama uwiano utatoa kitu.

Na kama hujui kabisa protini yako ni ya haraka au ya polepole, usinunue rangi ya gharama bado. Tumia mchana mmoja kwa FRAP ya kukadiria, duara la mikromita 1, seli sita. Ikifika nusu kwa sekunde mbili, D yako ni karibu 0.1, na ukitaka kufuata molekuli utahitaji picha kila milisekunde 30 au chini ya hapo. Ikifika nusu kwa dakika mbili, D ni karibu 0.002, katika milisekunde 30 itasogea nanomita 15 tu, chini ya kosa lako la kitovu. Hapo punguza kasi ya kamera hadi picha moja au mbili kwa sekunde, fotoni zako zidumu.